Pembe ya Juu

14 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima, karakana ni nzima, na yule paka wa jirani aliyekuwa akilala ndani ya mashua yako wakati ukiijenga sasa anakuja kukaa mlangoni kwetu na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeificha. Wifi yangu hajambo? Mwambie kitambaa chake cha kichwa kilibaki nyuma ya kiti, nimekifua na kukihifadhi. Kifurushi nadhani mkipata hii atakuwa anatembea vizuri, na ndiyo maana naomba asifunguliwe kamba hata dakika moja akiwa nje. Mtoto wa mwaka na nusu hajui bahari iko upande gani.

Mmeondoka juzi tu, lakini nyumba imekuwa kubwa ghafla. Miaka minane nyundo yako ilikuwa ikinitoa kitandani alfajiri na kila siku nikiilaani. Leo nimeamka kwa kukosa kelele. Bado sijakubaliana na wewe, na hilo unalijua. Mama mkwe wako huko ng'ambo amengoja miaka kumi na moja kuwaona wajukuu zake, ni kweli, lakini angeweza kungoja mpande chombo cha watu wenye akili zao. Wewe seremala ukaamua kuwafikisha kwa mkono wako mwenyewe. Haya, mmeshaondoka, maneno hayarudishi mashua.

Bibi Maswali, huyo binti yako, aliniuliza gatini kwa nini Babu yake ndiye aliyeshona kipande cha mwisho cha tanga, wakati kazi yote nimeifanya mimi. Kelele zilikuwa nyingi, sikumjibu. Mwambie hivi: kila tanga linalotoka hapa mimi nalipima, nalikata na kulishona, lakini pembe ya juu, pale tanga zima linaponing'inia, ni ya Babu. Ilikuwa hivyo kabla sijazaliwa. Mteja akija hutazama pembe hiyo kwanza, kisha ndipo anasalimia.

Barua hii naiandika juu ya meza ya kukatia na Baba amekaa kwenye stuli yake, anangoja nimsomee kabla sijaifunga. Unamjua. Hakuna kinachotoka karakana hii bila yeye kukipitia, liwe turubai la lori au karatasi. Anawasalimu wote. Kiganja chake cha ngozi, kile anachovaa mkononi kusukumia sindano, kimepotea. Nimepekua kila kona, hadi tumboni mwa cherehani kubwa. Yeye mwenyewe anasema tu kitaonekana, huyu huyu ambaye mwaka juzi alitusimamisha foleni sote kwa sababu ya mkasi. Sijamwelewa.

Sasa jambo ninalokuomba. Mkifika hapo kisiwani, kabla ya kuanza ile safari ndefu, shusha tanga kubwa, litandaze, na upitie pembe zote kwa mkono. Zote tatu. Tanga jipya huvutika, na mimi ndiye niliyelikata, kwa hiyo nina haki ya kukusumbua.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Salamu kutoka kisiwani. Tumefika salama siku ya ishirini na mbili na barua yako tumeikuta ofisini bandarini, imewekwa chini ya kikombe cha chai cha karani. Alama ya kikombe iko juu ya jina la mtaa wetu. Sote tumeisoma, na Kifurushi ameila pembeni kidogo.

Wifi yako alitapika siku nne za mwanzo. Muuguzi mwenye miaka kumi na mbili kazini, aliyetuandalia orodha ya namna ya kumhudumia mgonjwa wa bahari, ndiye aliyekuwa mgonjwa peke yake. Bibi Maswali alimsomea orodha ile kwa sauti, namba moja hadi namba tisa, akisimama baada ya kila namba kuuliza kama imesaidia. Sasa amepona na anatuamuru sote.

Unataka kujua tunaishije. Vyumba ni viwili na kajiko, unajua, uliwahi kugonga kichwa humo. Asubuhi natoa maji ya kunywa kwa kipimo, vikombe vinne kwa mtu mzima na vitatu kwa mtoto. Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari, ndiyo maana chai yetu ina chumvi hata kama hatuitaki. Saa tatu ni masomo mezani, meza ikiwa imeinama upande, penseli zikikimbilia dirishani. Mchana nguo zinaanikwa kwenye kamba za mlingoti, na meli moja kubwa ilipotupita nadhani walisalimiana na suruali zangu. Kifurushi amefungwa kamba kiunoni na amezoea kiasi kwamba hapa nchi kavu tulipomfungua alikaa chini akalia.

Kuhusu tanga, nimecheka. Nimelitazama nikiwa nimesimama chini, liko shwari. Kulishusha lote na kupapasa kazi ya Baba kwa vidole, mimi niliyeshindwa kushona hata kifungo? Ni sawa na mwanafunzi kumsahihishia mwalimu imla. Nikifanya hivyo atajua tu, na sitaki aibu hiyo. Mwambie pembe yake imekaa vizuri mno.

Mwambie pia mkoba wake wa vifaa vya kushonea uko salama. Pale gatini alinishika mkono akaniambia nikifika bandari ya kwanza niufungue nihakikishe vitu vyote vipo. Nimeuhakikisha kwa nje. Uko chini ya godoro letu, mkavu kabisa, na kwa kuwa hakuna kilichochanika sijaona haja ya kuufungua. Kiganja chake akitafute chini ya stuli, ndiko vitu vyake vyote vinakoishia.

Tutakaa hapa wiki mbili zaidi, kisha tunaondoka. Baada ya hapo msitarajie barua hadi tufike ng'ambo. Redio yetu inaishia kwenye meli zilizo karibu.

Mdogo wako


22 Februari

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote kwa haraka. Naandika nimesimama dirishani posta, kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi, na mtu wa nyuma yangu anakohoa makusudi. Baba hajui kama niko hapa. Nimemwambia naenda kununua nta.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimemsomea, akatabasamu uliposema pembe yake imekaa vizuri, kisha akasema nirudie pale pa mkoba. Nikarudia. Akainuka, akaenda kukaa nje.

Sikiliza. Baba haoni. Nyumbani kwetu jambo hili halitajwi, na mimi ndiye wa kwanza kutolitaja. Anajua vitu vilipo kwa sababu havijahama miaka arobaini. Pembe ya juu ya tanga lako aliishona siku tatu kabla hamjaondoka. Nilisimama nyuma yake nikaiona. Mishono imepishana, mingine imeshika uzi wa pembeni tu badala ya kushika kitambaa, na ile pete ya chuma inacheza. Kazi hiyo ingekuwa ya mwanafunzi wangu, ningeifumua yote mbele yake. Lakini ni Baba. Tanga lilikaa mezani siku tatu. Kila nikikaribia na kisu naye yupo kwenye stuli yake, na mkono wangu unagoma. Nikajiambia labda inaonekana vibaya tu ila imeshika. Nikajiambia wewe utaliona. Kisha mkalipandisha, mkaondoka, mimi nikapunga kitambaa kama wengine.

Nimefanya vibaya. Naogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Tafadhali, ukiipata hii, usiondoke. Shusha tanga, fumua pembe ya juu, tafuta fundi hapo kisiwani aishone upya, yeyote yule. Baba hatajua. Na akijua, ni mimi nitakayejibu.

Dada


4 Aprili

Mdogo wangu,

Hapa nyumbani hatujambo, na tunawaombea nanyi muwe hivyo. Hii naituma ng'ambo, ofisi ya bandari, iwangoje. Hakuna habari kubwa. Mvua imeingia kwa paa upande wa dirisha, nimeziba. Turubai la mwenye lori la matofali limekwisha, amelichukua. Paka amezaa ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa, wanne, na mmoja Baba anamweka mfukoni mwa aproni.

Ofisini bandarini wanasema hawajasikia mashua yenu ikitajwa, na kwamba hilo ni la kawaida. Nimekwenda mara saba. Karani sasa ananiona kwa mbali na kuanza kutikisa kichwa kabla sijafika, ili asinichoshe na ngazi. Wafanyakazi wenzake wamenipa jina, nimelisikia, silisemi.

Kuna jambo la Baba. Wiki iliyopita alikuja mwenye chombo cha kuvusha watu mtoni, tanga lake lilikuwa limebaki pembe ya juu tu. Nikamwekea Baba mezani kama kawaida. Akalisukuma kwangu. Akasema, malizia wewe. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikamwambia asitanie, mteja anamngoja yeye, nikamrudishia. Akaishona, lakini polepole sana, na bila kiganja ananisikitisha, maana anasukuma sindano kwa kipande cha mti. Nimemnunulia kiganja kipya. Amekivaa mara moja, akakitundika msumarini.

Anauliza leo ni siku ya ngapi. Nimemwambia thelathini na tisa, kama mliondoka wiki mbili baada ya barua yenu. Yeye ana hesabu yake ya mafundo kwenye kipande cha uzi, na kwake pia ni thelathini na tisa. Tunalingana.

Andikeni mara mguu ukikanyaga nchi kavu. Hata neno moja.

Dada yako


14 Aprili

Dada yangu, na Baba, maana najua unamsomea,

Tumefika. Sote wanne. Mama mkwe alikuwa amesimama mwisho wa gati, kaletewa kiti akakataa kukikalia. Kifurushi alimtazama, akamshika pua, na hapo hapo yule bibi akaanza kulia. Wifi yako hajatoka mikononi mwa mama yake tangu jana, mimi nakunywa chai peke yangu na nimeridhika.

Niliandika kidogo kidogo njiani, nanakili hapa.

Siku ya pili. Tumeondoka mapema kuliko tulivyopanga, hali ya hewa ilikuwa nzuri. Bibi Maswali anauliza maji ya hapa ni ya nchi gani. Nimemtuma kwa mama yake.

Siku ya sita. Wifi yako amekata nywele za sote kwa mkasi wa bandeji. Tunafanana na watu waliotoka hospitali moja.

Siku ya kumi na moja. Samaki mdogo ameruka mwenyewe akaingia kwenye beseni la kufulia. Kifurushi amekataa asiliwe. Tumemrudisha, kwa hotuba.

Siku ya kumi na tano. Bibi Maswali amemaliza jedwali la saba. Tumesherehekea kwa kila mtu kupata nusu kikombe cha maji zaidi.

Siku ya kumi na nane. Upepo mzuri, mashua inakwenda yenyewe. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Siku ya ishirini na tano. Tunaendelea vizuri. Tulikuwa na shughuli kidogo ya tanga hapa katikati, imekwisha.

Siku ya arobaini na tisa. Tumeona taa, kisha vilima, kisha mtu akifagia.

Baba, mashua haikuvuja hata tone. Tanga limetufikisha. Karani wa hapa anasema kuna barua zetu mbili, atazitoa kesho akipata ufunguo wa kabati. Bibi Maswali anataka kuongeza mstari wake.

Mdogo wako

Shikamoo Shangazi, shikamoo Babu. Mimi naweza kuendesha usukani saa nzima bila kuguswa. Baba alipanda hadi juu kabisa ya mlingoti na Mama alilia lakini hakuacha usukani. Nimemuona samaki mkubwa. Wasalimie paka.


3 Mei

Mdogo wangu,

Ahsante Mungu mmefika. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena. Jirani aliposikia sauti yangu alidhani kuna msiba, akaja na kanga begani. Msalimie sana mama mkwe wako, mwambie hicho kiti sasa akikalie.

Nilimsomea Baba mpaka mwisho, na mstari wa mtoto nikausoma kabla sijauona vizuri. Baba akasema, rudia hapo. Nikarudia. Akauliza, kwani baba yake alifuata nini juu ya mlingoti? Nikamwambia labda kutazama mbali. Akasema, labda. Jioni hakula.

Sasa mimi si mtoto. Nimehesabu siku zako. Kutoka ya kumi na nane umeruka hadi ya ishirini na tano, wewe unayeandika kuhusu samaki wa beseni. Ulipanda mlingoti kwa nini? Wifi yangu hakulia alipojifungua, aje alie kwa sababu ya mandhari?

Barua yangu ya posta uliipata? Niandikie kwa sanduku la shule ya jirani, si la karakana. Niandikie ukweli wote, nitaubeba.

Dada


24 Mei

Dada,

Nakusalimu, na wifi yako anakusalimu akiwa nyuma yangu, ananisimamia nisipunguze kitu. Yeye ndiye aliyesema sina haki ya kukuficha. Watoto hawajambo. Kifurushi hapendi tena nchi isiyotikisika, anaanguka ovyo.

Barua yako ya posta ilifika kisiwani siku mbili baada ya sisi kuondoka. Wameituma huku ikafika kabla yetu, na nakala yake nimeitia ndani ya hii. Nimeisoma mwezi mmoja na siku tatu baada ya jambo lenyewe.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa, asubuhi, wakati wa masomo. Upepo ulikuwa umeongezeka lakini si wa kutisha. Nilisikia mlio mfupi, kisha mingine, mshono baada ya mshono, kisha tanga lote likashuka juu yetu. Kitambaa kilikuwa kizima. Pete ya pembe ya juu ilibaki kule kileleni peke yake, na kamba ya kupandishia tanga ilibaki nayo. Bila kuifuata ile kamba hatungeweza kupandisha tena kitu chochote. Wifi yako alimfunga Kifurushi mgongoni, akashika usukani. Mimi nikapanda. Ukiwa chini mlingoti unaonekana umetulia, ila kule juu unakurusha kushoto na kulia na unaiona mashua yako chini ni ndogo sana, na watu wako wote wamo ndani yake. Nilirudi na kamba na mikono haikuwa na ngozi.

Maji yalitosha kwa mwendo tuliokuwa nao. Kwa tanga dogo peke yake yasingetosha, yangeisha wiki moja kabla ya nchi kavu. Wifi yako alipiga hesabu mara mbili, akanionyesha karatasi, akashusha vipimo. Yeye na mimi vikombe viwili.

Nilijaribu kushona kwa sindano zake za hospitali. Zilivunjika tatu. Siku ya pili nikamtuma Bibi Maswali alete mkoba wa Babu nitafute uzi mnene. Aliumwaga wote sakafuni kama anavyomwaga kila kitu. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha aproni ya Baba kilichofungwa fundo. Ndani yake kilikuwemo kiganja.

Vilikuwemo na hivi pia: sindano tatu, moja imeshatungwa uzi uliopakwa nta, umekatwa urefu wa kazi moja. Na kipande cha ngozi, kimekatwa tayari, kimetobolewa matundu ishirini na moja. Nilikiweka juu ya pembe ya juu ya tanga. Kilikaa sawasawa. Nikakijaribu pembe nyingine mbili, hakikukaa. Bibi Maswali akaniuliza, "Babu alijuaje ni pembe hii?"

Nikamwambia anishikie tanga. Nilishona siku tatu, kwa sababu mashua iliyumba na mimi si fundi. Nilivaa kiganja chake, kinanibana. Tulipolipandisha lilishika, na limeshika mpaka leo.

Nitakuambia nilivyohisi. Nilimkasirikia Baba sana. Alijua, akawaacha watoto wangu wapande. Kisha nikakumbuka alivyonishika mkono gatini. Alisema nifungue mkoba bandari ya kwanza, na mimi nilitikisa kichwa kama unavyomtikisia mzee anayerudia habari. Nikakaa kisiwani majuma matatu nikiulalia. Nawe uliniambia nikague, nikakucheka. Kwa hiyo sina wa kumkasirikia, na kukosa wa kumkasirikia ni kazi ngumu.

Lakini bado sielewi kwa nini hakusema. Angesema neno moja tu. Ukiamua kumsomea barua hii, muulize. Ukiamua kuichoma, nitakuelewa.

Mdogo wako


16 Juni

Mdogo wangu, wifi yangu, na watoto,

Salamu zenu zimefika. Sisi hatujambo. Paka watatu wamepata kwao, wa mfukoni amebaki. Barua hii naiandika juu ya meza ya kukatia, Baba akiwa kwenye stuli, na nitamsomea yote, hata sehemu ambazo si nzuri kwangu. Zile barua za posta zimekwisha.

Ya kwako nilikaa nayo siku tano ndani ya kopo la nta. Siku ya sita nikafunga mlango wa karakana mchana kweupe, nikamsomea tangu mwanzo. Kwanza nilimsomea ile yangu uliyonirudishia nakala yake, ya kusema haoni. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nikaja kwenye yako. Nilipofika pa kiganja nilisimama, akasema niendelee. Nilipomaliza aliuliza kama uzi ulipita matundu yote ishirini na moja. Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akauliza kama ngozi ilijikunja pembeni. Nikasema hukuandika. Akasema, basi haikujikunja, angelalamika.

Nikamuuliza uliloniagiza. Nilimuuliza kwa hasira, sitaficha. Nikamwambia, Baba, wale ni watoto. Alizungusha kipande cha uzi kidoleni.

"Tanga lilikaa mezani siku tatu," akasema. "Nilikuwa nakungoja uifumue."

Nilimwelewa taratibu, na kila nilichoelewa kilikuwa kinaniuma. Siku zile tatu nilidhani amekaa pale ili nisiguse kazi yake. Kumbe alikuwa anasikiliza kama nitachukua kisu. Alipokuwa akishona alijua vidole vyake vimekosea, na alijua mimi nimesimama nyuma naona. Kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hawezi tena, hakuweza. Alitaka mimi niseme, kwa mkono. Siku ya tatu, aliposikia nimelikunja tanga hivyo hivyo na kulifunga kamba, akaenda kukata ngozi. Aliitoboa kwa kupapasa. Kiganja akakitia nayo mkobani kwa sababu, anasema, kazi yake kilikuwa kimemaliza hapa.

Nikalia, mdogo wangu. Baba alinitafuta bega kwa mkono, akakosa, akanipata kichwani, akauacha hapo. Akasema nimwambie mwanawe kwamba anaomba radhi kwa wajukuu na kwa mke wake. Hajawahi kutamka neno hilo mbele yangu, na alilitamka bila kuhangaika. Kiganja anasema msikirudishe. Kibaki mashuani, na Bibi Maswali akikua mkono kimkae yeye.

Jana tulikuwa na tanga la mwalimu wa chuo cha mabaharia. Nimelishona wiki nzima. Baba akavuta stuli, akashona pembe ya juu kama siku zote, akaweka sindano mezani. Hakuinuka. Mimi pia sikuinuka. Nikachukua kisu kidogo. Nikakata mshono wa kwanza mbele yake. Aliinamisha sikio kusikiliza uzi ukikatika, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka yote ikaisha na pete ikaanguka mezani.

Akaitafuta pete kwa vidole, akanipa. "Sasa shona," akasema. "Anzia kushoto."

Nilianzia kushoto.

Dada yako